Ua wa msaipresi ukikauka, usikimbilie dawa

Mhariri,

Kila kipupwe kinapoelekea ukingoni, nyua za misaipresi kuanzia Njombe na Lushoto hadi Limuru na Molo huanza kutoa mabaka ya kahawia, na wenye nyumba huingia maduka ya pembejeo kuulizia dawa. Wengi hutoka na dawa ya ukungu. Mara nyingi tatizo si ukungu hata kidogo, na pale ambapo kweli ni ukungu, dawa hiyo haiuponyi mti. Tunaomba nafasi kidogo tueleze jinsi ya kuukagua ua kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Tazama kwanza ukavu umeanzia wapi. Majani ya ndani yakikauka na kupukutika sawasawa urefu wote wa ua, huku ncha zikiwa kijani kibichi, mti hauumwi. Unadondosha majani ya zamani yasiyopata jua. Uache.

Ukavu ukianzia ndani lakini kwa mabaka, kisha ukatokeza nje tawi baada ya tawi, washuku vidukari. Kidukari wa msaipresi alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990. Ni wa hudhurungi iliyochanganyika na kijivu, ana urefu wa milimita 2 hadi 4, na hujikusanya kwenye vitawi vya ndani, ndiyo maana anayetazama ua kutoka barabarani hamwoni. Kinachomfichua ni sisimizi wanaopanda na kushuka shinani, majani yanayonata, na masizi meusi juu ya majani hayo. Tandaza karatasi nyeupe chini ya tawi ulikung'ute kwa nguvu. Wakiwepo wataanguka na kuanza kutembea. Mate yao ni sumu kwa mti, hivyo tawi laweza kuendelea kukauka hata baada ya wadudu kwisha.

Wakiwa wachache, mililita 15 za sabuni ya maji katika kila lita ya maji zinatosha. Jaribu tawi moja kwanza, kisha nyunyiza jioni na urudie baada ya siku 7. Fungua matawi kwa mkono uingize bomba ndani, kwa kuwa kulowesha uso wa ua ni kuosha majani tu. Viuatilifu vikali viwe vya mwisho, maana huua pia nyigu wadogo aina ya Pauesia walioletwa kutoka nje katika miaka ya 1990 kuwadhibiti vidukari hawa.

Dalili ya tatu ni tawi moja hapa na jingine kule kugeuka jekundu-kahawia lote, kati ya matawi yenye afya. Lifuate hadi linapoungana na shina. Ukikuta gome limebonyea, limepasuka na linachuruzika utomvu, kwangua kwa kisu: chini ya gome lenye afya ni kijani au nyeupe, chini ya gome lenye ugonjwa ni kahawia. Hicho ni kidonda cha kuvu, yaani ukungu, aina ya Seiridium, kile kile kilichofanya msaipresi wa Monterey uachwe kupandwa katika misitu ya Kenya. Wanaosoma mtandaoni kuhusu Leyland, ua maarufu wa Uingereza na Marekani, wajue kwamba mzazi wake mmoja ni huo huo wa Monterey, na ugonjwa huu unaupata vilevile. Kata tawi sentimita 10 hadi 15 chini ya kidonda, futa mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato, choma ulichokata. Kidonda kikiwa kwenye shina kuu, ng'oa mti.

Kuvu huyu huingilia kwenye jeraha, na majeraha tunayatia wenyewe. Seng'enge zinapigiliwa misumari kwenye mashina, mbuzi wanafungwa hapo hapo, na taka zinachomwa mita moja kutoka kwenye ua. Kisha lipo panga. Panga huchana vitawi badala ya kuvikata. Mkasi mkubwa wa bustani ulionolewa hufanya kazi safi zaidi.

Kosa jingine linaloua nyua nyingi ni kukata kwa kina. Msaipresi hauchipui kutoka kwenye tawi kongwe lisilo na jani. Mwenye ua akiuacha miaka mitatu, kisha akaamua kuurudisha ndani nusu mita kwa siku moja, anabaki na ukuta wa vijiti, na hakuna mbolea itakayouvalisha tena. Punguza kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa mwaka, na usivuke ukijani. Chini pawe papana kuliko juu, tuseme sentimita 90 kwa 60, ili jua lifike miguuni. Ukitaka ua wa mita 2, ngoja kilele kipite hapo kidogo, halafu kikate kwenye mita 1.85, vitawi vya pembeni vitafunika mkato.

Mti mzima ukipauka na kugeuka manjano pande zote kwa pamoja, chimba pembeni. Mizizi myeusi na laini ni dalili ya maji kutuama: chimba mtaro wa kuyaondoa, na matandazo yasiguse shina.

Pengo likishatokea, usipande mche mmoja katikati ya miti mirefu, utakosa jua na maji. Ng'oa na miti dhaifu ya jirani hadi nafasi ifike walau mita moja na nusu, toa mizizi ya zamani, panda miche yenye mizizi isiyojikunja, kwa umbali wa sentimita 60 na si 30 kama wengi wanavyofanya, na umwagilie lita 10 kila mche kwa wiki katika kiangazi cha kwanza.

Watunza vitalu vya miti,
Lushoto