Barua kwa mwanangu, kabla mtoto hajaandikishwa jina

Mbinga, Juni

Mwanangu Svetlana,

Salamu kutoka kwetu sote. Hatujambo, ila baridi ya mwaka huu ni kali, na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mama yako alinisomea ujumbe wako mara mbili, kisha nikachukua simu nikausoma mwenyewe. Mtoto ni wa kike, mwezi wa nane Mungu akijalia, na majina mmeyabakiza matatu: Ludmila, Bohdana, Mila. Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nami nimefurahi sana. Lakini tangu juzi usingizi wangu si mzuri kwa sababu ya hayo majina, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu utanikatiza.

Neno langu ni moja. Kabla hamjaandikisha, litamkeni kwanza lile jina fupi. Jina la kwenye cheti hutajwa na karani. Mtoto huitwa kwa lile fupi, kuanzia anapoamka mpaka anapolala, na ndilo wenzake watakalolishika.

Waslavi, yaani Warusi, Wacheki na wenzao, nyumbani hawamwiti mtu jina zima. Nilipofika Moscow mwaka 1984, mwaka mzima wa kujifunza lugha nilikuwa napotea kwa ajili hiyo. Aleksandr aliitwa Sasha, Dmitri aliitwa Dima, Vladimir leo Volodya kesho Vova, nami nikidhani ni watu watatu tofauti. Wacheki nao ni hivyo hivyo. Mumeo kwenye pasipoti ni Václav, lakini wewe mwenyewe kila mara unamwandika Vašek. Basi Ludmila atakuwa Lída, Bohdana atakuwa Dana. Na Svetlana huwa Sveta.

Yaliyokupata darasa la tatu unayajua kuliko mimi, siyarudii. Nasema hivi tu: jina lile nililichukua kwenye mji ambao mchana wa Desemba una saa saba tu za mwanga, nikaja kumpa mtoto katika wilaya ambayo kila mtu anavaa sweta kuanzia Mei mpaka Agosti, na sikulitamka hata mara moja mbele ya mtu yeyote wa hapa. Siku ile uliporudi unalia nilikueleza maana yake kwa Kirusi. Mama yako alisema mtoto alitaka kupakatwa. Alisema kweli.

Lakini jina lenyewe ni zuri, mwanangu, na bado sijapendezwa unavyojiandika Lana kila mahali. Svet ni mwanga. Ungezaliwa pwani ungeitwa Nuru. Halikuwa jina la mtakatifu wala la ukoo. Lilitoka kwa washairi, na lilijulikana sana baada ya Vasily Zhukovsky kutoa shairi lake mwaka 1813. Kanisa la Kiorthodoksi halikulikuta kwenye orodha ya watakatifu, kwa hiyo mzazi aliyemtaka Svetlana alibatiziwa mtoto kwa jina la Fotina, la Kigiriki, ambalo nalo asili yake ni mwanga. Lilienea kweli kweli enzi za Kisovieti. Hata Stalin binti yake, aliyezaliwa 1926, aliitwa hivyo.

Hilo la mwisho nililijua, sikulipima. Uliponiambia kwamba mama mkwe wako siku ya kwanza aliuliza kama una ndugu Urusi, nilinyamaza kwa sababu nilielewa. Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti viliingia nchini kwao Chekoslovakia, na yeye alikuwa msichana anayeona. Mimi nilikupa mwanga, yeye akasikia vifaru. Ulimjibu kwa ukali. Usifanye tena hivyo. Ni mama yako sasa, na ndiye atakayekushikia mtoto usiku sisi tukiwa huku.

Turudi kwenye majina yenu. Bohdana silipingi kwa maana yake. Boh ni Mungu, dana ni aliyetolewa, kwa hiyo ni zawadi ya Mungu, kama Theodora wa Wagiriki. Wanyakyusa wana Atupele, yaani Mungu ametupa, na sisi wote tuna akina Zawadi. Bibi amejaribu kulitamka na amelitamka vizuri kuliko mimi. Lakini jina fupi ni Dana! Utamleta likizo, acheze na watoto wa shangazi yako, na kabla ya jua kuzama atakuwa Danadana. Mtoto wa miaka sita atajiteteaje? Atamwambia nani habari za Theodora?

Ludmila ni watu na mpendwa, yaani mpendwa wa watu. Ni jina la bibi aliyemlea mtakatifu wao Wenceslaus. Masimulizi yanasema alinyongwa kwa amri ya mke wa mwanawe. Sikukatazi, nimekueleza ujue. Lída halina ubaya wowote.

Mila ndilo linaloninyima usingizi, na najua ndilo mnalolipenda. Kwao ni mpendwa, tamu mdomoni. Kwetu ni mila na desturi. Watu watauliza, mila za wapi? Wengine watauliza kwa upendo kabisa. Lakini mtoto wako swali hilo ataulizwa huko kwenu Brno kwa sababu ya rangi yake, na ataulizwa hapa Mbinga kwa sababu ya rangi hiyo hiyo. Jina lake nalo limuulize? Nakuomba ulifikirie hili peke yako, kabla ya kumwonyesha Vašek barua.

Na mwambie Vašek kwamba ana wajina hapa nyumbani. Baba yako mdogo Wenceslaus alizaliwa tarehe 28 Septemba, padre akafungua kalenda ya watakatifu, basi. Miaka yote hii alidhani ni jina la Kijerumani kwa kuwa mapadre wa Peramiho walikuwa Wajerumani. Juzi nilimweleza kwamba Wenceslaus ni Václav aliyepitia Kilatini, na maana yake ni utukufu zaidi. Alikaa kimya, halafu akataka nimwandikie kwenye karatasi. Nikamwongezea kwamba mtakatifu huyo aliuawa na watu wa ndugu yake Boleslav, na Boleslav nalo maana yake ni utukufu zaidi. Tumbo moja, maana moja, na yule akamwondoa huyu. Hata mzee Stanislaus wa kwaya amebeba jina la askofu wa Kraków, kule Poland, aliyeuawa mwaka 1079. Kumbe majina ya Waslavi yalikuwa yameshakaa katika nyumba zetu kabla mimi sijapanda ndege. Na hakuna aliyeyacheka, kwa sababu Wense haina maana yoyote kwa Kiswahili. Unaona nisemacho? Tatizo liko kwenye lile jina fupi.

Kama mngeniuliza, ningesema Věra. Waorthodoksi wana mabinti watatu watakatifu, Vera, Nadezhda na Lyubov, na mama yao Sofia. Majina hayo yalifasiriwa kutoka Kigiriki, na sisi tukiyafasiri tunapata Imani, Tumaini na Upendo. Darasani kwako walikuwepo wote watatu. Naděžda pia ni zuri, jina lake fupi ni Naďa, na Nadia tunalo tayari kutoka kwa Waarabu, ingawa la kwao lina asili nyingine. Hakuna atakayegeuza kichwa.

Nimeandika hayo, nimeyasoma, nikaona naanza tena. Bibi yako alikuwa amekuwekea jina lake mwenyewe ulipozaliwa. Mimi nilipitia kwanza ofisini. Hajawahi kunilaumu kwa miaka yote hii. Lakini juzi, baada ya vigelegele, aliniuliza kama safari hii nimeshaandika. Mpigie simu Jumapili baada ya misa, umuulize yeye. Usimwambie nimekutuma.

Kahawa imeanza kuiva upande wa bondeni, wachumaji tumepata wanne. Hela ya mabati usitume, paa la jiko litasubiri. Nunua vitu vya mtoto, na ule vizuri, picha ya mwisho uso umekonda. Mbuzi yule mwekundu amezaa mapacha. Kanuni za kuandikisha mtoto huko wewe ndiye unazijua, ila uliza kama wanaruhusu jina la pili, na kama nafasi ipo usiiache wazi.

Mama yako amemaliza kufuma sweta mbili, moja ya njano na moja nyeupe yenye vifungo vya mbao. Kuna mwanafunzi anaondoka Dar es Salaam mwezi ujao kwenda Prague, amekubali kuzibeba na kukutumia kwa posta akifika. Nitumie anwani yako kamili. Na uniambie juu ya kifurushi niandike Lana au Svetlana, ili wakupe bila usumbufu.

Baba yako