Kitivo hakikukubali, kiliandikiwa kwamba kimekubali

Mhariri,

Ile habari yenu kuhusu chuo kikuu kishiriki chetu hapa Malindi, mliposema kanuni mpya ya idadi ya wanafunzi "imepitishwa na kitivo baada ya mashauriano", imeninyima usingizi. Nimefundisha hapo miaka 11 na sijapata kuliandikia gazeti hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu kitivo ni sisi, na sisi hatukupitisha kitu.

Kikao kiliitwa saa nne asubuhi. Mimi natoka Mambrui, nikavuka daraja la Sabaki kwa matatu na kufika mapema, wenzangu wakimimina chai na sahani ya mahamri ingali imefunikwa. Mezani palikuwa na karatasi zilizopigwa pini, zina joto la mashine bado. Nikadhani ni ajenda. Kumbe ni kumbukumbu za kikao chenyewe, ambacho hakijaanza! Ukurasa wa pili: "Wajumbe walikubaliana kwa kauli moja kwamba kozi isiyofikisha wanafunzi 15 isifundishwe." Jina langu limo kati ya waliohudhuria. Waliotoa udhuru wameorodheshwa. Hata saa ya kufunga imeandikwa, 6:10 mchana. Nilipouliza nikajibiwa, "Mwalimu, hayo yalishamalizwa juu, leo tunaweka muhuri tu."

Juu wapi? Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, mambo ya taaluma ni ya seneti, yaani baraza la taaluma la chuo kikuu, na katika chuo kishiriki jambo hupanda kutoka idara hadi kitivo, likaenda bodi ya taaluma, mwisho likafika seneti ya chuo mama. Wale wa seneti wako mbali, hawakutuona tukibishana. Wanachosoma ni karatasi. Karatasi ikisema "kwa kauli moja", kwao imekuwa kauli moja, na uongo wa ukurasa wa pili unapanda ngazi ukigeuka ukweli kila kidato. Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi katika ibara ya 10 na kulinda uhuru wa taaluma katika ibara ya 33, halafu sisi tunaofundisha watu Katiba hiyo tunaandikiwa maneno tusiyoyasema! Na kozi inayouawa ni ipi? Mojawapo ni ya kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, zile ambazo washairi wa Pate na Siyu waliandikia tenzi zao. Wanafunzi ni tisa. Muhula uliopita kijana mmoja kutoka Pate alileta karatasi ya bibi yake ndani ya mkoba wa ukindu, imeliwa na wadudu pembeni. Kwao hakuna tena awezaye kuisoma. Aliisoma mbele yetu, akafika mstari wa tatu sauti ikamkatika. Huyo yuko mwaka wa tatu, na kozi inayofuata ameshaambiwa haipo. Malindi na Lamu zisipofundisha hati hizi, nani azifundishe?

Na nikiwa nimeshika kalamu, kuna wahadhiri wa muda. Madarasa mengi ya kitivo chetu wanayabeba wao, lakini kikaoni hawana kura, na wako ambao malipo ya mihula miwili hawajayaona. Mtu anasahihisha mitihani 200 usiku kwa taa ya simu, kisha akiulizia haki yake anaambiwa fomu imepotea. Ndio hao wasiothubutu kuinua mkono hata wakialikwa.

Nataka hivi. Kinunuliwe kitabu kikubwa cha kaunta. Katibu achaguliwe na wajumbe asubuhi ile ile, aandike kwa kalamu ya wino mbele yetu, asome kwa sauti kabla ya mtu kuinuka, na kila mjumbe atie sahihi. Waliopinga waandikwe kwa idadi. Kitabu kikae maktaba, si ofisini, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa langoni ndani ya siku tatu, mahali ambapo hata mzazi aliyeleta karo ataiona.

Nawe Mhariri, tafadhali rekebisha lile neno "imepitishwa". Tulikuwa wajumbe 12 chumbani. Mikono saba ilipinga, niliihesabu mwenyewe, na hakuna hata mmoja ulioingia kwenye ukurasa wa pili.

Mhadhiri,
Malindi