Kisigino cha mbuzi

Soweto, Mbeya
12 Julai

Ndugu yangu Komba,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila baridi ya Julai unaijua, inaingia mpaka kwenye mifupa. Na kwa kuwa nimeitaja mifupa, tumalize ule ubishi wa Pasaka. Ulishikilia kwamba goti la nyuma la mbuzi limekunjwa kinyume na letu. Nikasema lile si goti, mkanicheka wote. Waliokuunga mkono walikuwa wanakula mbuzi wako, kwa hiyo kura zao sizihesabu.

Juzi nilipita Mwanjelwa nikamwomba jamaa wa bucha mguu wa nyuma mzima, nyonga hadi kwato. Nikauchemsha mpaka nyama ikaachia, nikaipanga mifupa juu ya gazeti. Juu kuna mfupa wa paja, umejificha karibu na tumbo, ndiyo maana macho yako yaliuruka. Unaishia kwenye goti lenyewe, na kile kifupa cha pia ya goti kipo, kinatazama mbele kama chako. Unafuata muundi. Chini ya muundi ndipo penye hilo "goti" lako: mfupa umechomoza kwa nyuma na kano nene imeushika. Kisigino hicho, bwana! Mbuzi anatembea kwa ncha za vidole, na kwato ni kucha zake.

Hata makongoro unayoyasifia asubuhi ni hadithi hiyo hiyo. Ule mfupa mnene ulionyooka ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana, au ya wayo kama ni mguu wa nyuma. Ukimaliza kunyonya, pitisha kidole gumba kwa mbele, utaukuta mfereji wa maungio. Mwisho wake una vichwa viwili, kila kimoja na kidole chake. Kuku naye kwenye muundi ana kile kijiti chembamba cha mfupa kinachotuchoma ufizi; sisi mfupa huo wa kwetu ni mrefu kamili, hadi kifundoni.

Sasa nikuchokoze na la huko kwenu. Miaka ya 1930 Mwingereza Parrington aliokota mifupa ya kale Bonde la Ruhuhu, huko upande wa Ziwa Nyasa, ikapelekwa Uingereza. Mwaka 2013 ndipo mnyama wake alipotangazwa kwa jina la Nyasasaurus, wa miaka kama milioni 243 iliyopita, huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Wataalamu waliomtangaza walikuwa na mfupa wa mkono wa juu na pingili chache za uti wa mgongo. Kwenye ule wa mkono waliona tuta refu la kushikia misuli ya bega, kama la dinosaria. Wewe ulikuwa na mbuzi mzima mezani, na bado ulibisha.

Mguu nimeuweka stoo. Mama Neema hataki kuuona jikoni. Ukija Nanenane ukiguse kisigino kwa mkono wako, na usisahau dagaa wa Mbamba Bay.

Wako,
Mwakalinga