Kabla hujaipeleka ile barua

Mwanangu,

Ile barua ya kujiuzulu uchungaji umeshaipeleka, au bado iko kwenye kompyuta? Mdogo wako aliiona alipoazima mashine yako kuchapa kazi ya shule. Usimgombeze, ni mimi niliyembana mpaka akasema. Tangu hapo sijatulia. Nimekupigia simu haikushikwa, nikajiambia uko kwenye mazishi au umelala. Naomba iwe ulikuwa umelala.

Sikuandikii ili nikufunge kamba kanisani. Ukiacha utumishi bado wewe ni wangu. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: uliiandika ukiwa umepumzika? Mdogo wako anasema ilihifadhiwa saa nane za usiku, Jumapili. Jumapili! Mtu aliyehubiri ibada mbili, akazungukia wagonjwa, kisha akakalishwa na wazee kikaoni hadi giza, huyo si mtu wa kuandika barua ya kujiuzulu. Huyo ni wa kupewa uji akalale.

Wewe ndiye uliyesomea haya chuoni Limuru, lakini hata sisi tunaouza mboga tunajua habari za Eliya. Alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, hakuna aliyemhubiria. Alipewa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Maswali yalimngoja huko mbele, Horebu. Nimekusikia ukiwahubiria watu hayo, tena vizuri. Kwako yanakwama wapi?

Na usidhani sioni. Jumamosi ile baada ya mvua nilifika huko kanisani kwako Mukuru nikakuona kwa mbali. Vitabu vya nyimbo vimebanwa kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kurasa zimevimba, na wewe umekunja sketi unakwangua matope kwenye benchi kwa kisu cha jikoni. Wazee sikuona hata mmoja. Nikageuka nikapanda matatu, kwa sababu ningefika pale ningesema maneno. Najua pia kwamba tangu mafuriko ya 2024, na zile nyumba za kando ya mto Ngong zilipobomolewa, watu wako wametawanyika, wengine wamerudi ushago kabisa. Halafu mtu anakaa ofisini anakuuliza sadaka imeshuka kwa nini. Atoe nani?

Tena umeingia kazini wakati mbaya. Baada ya Shakahola, mwaka 2023, maiti zaidi ya 400 za waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa zilipofukuliwa kule msituni, mtu akisikia neno mchungaji anashika mfuko wake kwanza. Unabeba lawama ya mtu usiyemjua. Hilo linachosha kuliko matope.

Kuhusu yule mzee anayehama mstari ili asipokee mkate mkononi mwako, mwache ahame. Nyambura Njoroge aliwekewa mikono kuwa mchungaji kwao PCEA, kanisa la Presbiteri, mwaka 1982, mwanamke wa kwanza huko, wewe hata hujazaliwa. Kama mzee wako hajazoea mpaka leo, shida ni yake.

Tulipoenda Rabai, kule karibu na Mombasa, na kina mama wa kanisa tulielezwa habari za wale wamisionari wa kwanza. Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto mchanga. Rebmann akamfuata 1846, akakaa hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, na waliobatizwa kwa miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Wenzangu waliguna kwa huruma, mmoja akalia. Mimi nilijiuliza ni nani alikuwa akimwambia huyo mtu apumzike. Krapf mwili ulipogoma alirudi kwao Ulaya, mwaka 1853, na hukohuko akaendelea na kamusi yake ya Kiswahili. Kwangu mimi hakuacha kazi. Alikaa chini kwanza.

Kwa hiyo omba likizo. Iombe kwa maandishi, siyo kwa mdomo, na ubaki na nakala. Baada ya saa tatu usiku usijibu chochote kwenye kundi la WhatsApp la wazee. Mtafute mchungaji mwenzako aliyekutangulia umwambie ukweli wote, hata yale ya posho kuchelewa. Na ule kabla ya ibada. Kukaa na njaa kwa sababu kabati ni tupu si kufunga, usinidanganye mimi. Hapo ndipo ninapokukasirikia, mami. Kutoka Umoja hadi kwako ni mwendo gani, ushinde njaa na mimi natupa sukuma iliyonyauka? Una kiburi cha kutoomba. Najua umekitoa kwa nani.

Wiki jana hapa sokoni Mutindwa wateja wawili walikuwa wanasimuliana habari za mchungaji wa kike wa Mukuru aliyekesha matangani kwa mama wa chapati, akamzika mtoto wake, na bahasha akairudisha. Sikuwaambia ni mtoto wangu. Niliwaongezea terere tu, wakashangaa.

Baba yako anasema urudi kwenye uhasibu, huko angalau mwezi ukiisha unajua. Mwanzoni aliyesema kanisa halijengi mtu nyumba hakuwa yeye, lakini tuliache hilo. Ukipumzika, ukala, ukalala usingizi wa kweli, kisha bado ukaona barua ni ya kupelekwa, nitakusindikiza mwenyewe. Ila si hii ya saa nane usiku. Tafadhali nijibu kama umeipeleka.

Maji hapa yanakuja Alhamisi peke yake siku hizi, kwa hiyo nguo zako ulizoacha bado hazijafuliwa. Mwenye nyumba ameongeza kodi, tunazungumza naye. Mdogo wako anataka viatu vingine, hivi vimepasuka kwa mpira. Jumatatu si ndiyo siku yako ya kupumzika? Njoo. Pitia kibandani nikupe ufunguo, maana baba yako atakuwa kazini. Githeri itakuwa kwenye sufuria ndogo, gesi iko, na kitanda chako nimekiondolea yale magunia. Simu iache kwangu sokoni.

Mama yako