Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa usafiri wa jiji: njoo usubiri taa pamoja nasi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kila mtu anapogongwa kwenye taa, tamko la ofisi huwa lile lile: watembea kwa miguu hawatii sheria. Mimi ni mmoja wao. Nimevuka taa ikiwa nyekundu, tena si mara moja, na naomba unisikilize kabla ya kuongeza faini.

Wiki iliyopita nilisimama na saa mkononi kwenye makutano ninayoyapita kila siku. Nikabonyeza kitufe, kile ambacho rangi yake imeshalika kwa vidole vya watu. Zikapita sekunde 30, 60, 90. Magari ya upande huu yakaruhusiwa, yakaja ya upande ule, kisha yanayokata kona. Ikafika mahali barabara ikawa tupu pande zote, nasi watu kumi na kitu tumesimama tunaitazama. Kijana mmoja akavuka. Wawili wakamfuata, kisha mama aliyemshika mtoto mkono. Taa yetu ilipowaka, baada ya sekunde 112, tulikuwa tumebaki watatu.

Mmoja wetu alikuwa mzee mwenye fimbo. Kijani kilikaa sekunde 7, kikawaka na kuzimika kwa sekunde 8, basi. Barabara ile ina njia sita, kama mita 20. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ambao wahandisi wameuzoea katika hesabu zao, unahitaji karibu sekunde 17. Mzee anayekwenda mita 0.8 anahitaji 25. Alikwama kwenye mstari mweupe katikati, magari yakimpita mbele na nyuma, fimbo ameikumbatia kifuani. Huyo ndiye aliyetii taa, Mheshimiwa. Waliokaidi walikuwa wameshafika ng'ambo zamani.

Watu hujifunza kwa macho. Wakiona mara kwa mara kwamba nyekundu huwaka barabara ikiwa tupu, na kijani chao huwaka pamoja na cha magari yanayokata kona na kuwaingilia kivukoni, wanaacha kuiamini taa. Wanaanza kuamini macho yao, na baada ya hapo wanaamini mgongo wa aliye mbele. Hapo ndipo ninapoogopa. Wa kwanza hutazama magari. Wa tatu na wa nne humtazama wa kwanza. Yule mama hakugeuza shingo hata kidogo.

Wala hili si jambo geni kwa wataalamu wako. Mwongozo wanaoutumia wahandisi wa barabara Marekani unasema wazi kwamba mtembea kwa miguu akicheleweshwa zaidi ya sekunde 30 huanza kukosa subira, na uwezekano wa kuvunja taa huwa mkubwa. Sisi tunangojeshwa karibu mara nne ya hapo. Uingereza kuvuka kwenye nyekundu si kosa kwa mwenda kwa miguu, na New York ililifuta kosa hilo mwaka 2024. Mimi siombi hilo. Naomba taa inayostahili kutiiwa.

Punguza mzunguko wa taa ili zamu yetu ifike mapema. Ongeza sekunde za kuvuka, na pale barabara ilipo pana jenga kisiwa katikati, mtu apate pa kusimama. Tupe sekunde 3 hadi 7 za kutangulia kabla magari hayajaruhusiwa kukata kona. New York imefanya hivyo kwenye maelfu ya makutano, na kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kupanga upya saa ya mtambo. Kitufe nacho, kama hakifanyi kazi, king'olewe. Kinatudanganya.

Kabla ya yote hayo, njoo siku moja bila gari, saa ya watu kutoka kazini. Bonyeza kitufe, uhesabu. Mzee yule hupita pale jioni. Vuka naye, kwa mwendo wake.

Wako,
Mtembea kwa miguu