Uso wa yule kijana mliuchapisha kwa nini?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu zaidi ya miaka kumi na sijawahi kuwaandikia. Ripoti yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Anas Aremeyaw Anas, yule mwandishi wa Ghana anayefunika uso kwa shanga, siwezi kuinyamazia. Msomaji akimaliza kurasa zenu mbili anaondoka akiamini kuwa uandishi wa uchunguzi ni kununua kamera ya kifungo, ile inayofichwa kwenye shati, na kumpelekea mkubwa bahasha. Na ile picha ya kijana mwanafunzi wa kazi hii, iliyo chini ya ukurasa, imeniuma kuliko maandishi yote. Nitaifikia.

Mmeuliza kama Anas ni shujaa au ni mtegaji anayewatia watu tamaa ya rushwa ili awarekodi, kisha mkaliacha swali linaning'inia. Linajibika. Unachukua video ghafi, ile ambayo haijakatwa, unaitazama mwanzo hadi mwisho na kuuliza: nani alitaja pesa kwanza? Mwaka 2015 Anas alitoa picha za majaji na mahakimu 34, kazi ya miaka miwili, takriban saa 500 za video. Watu wake walijitambulisha kama jamaa wa wenye kesi, na majaji 20 wa mahakama za chini wakafukuzwa Desemba ya mwaka huohuo. Ile ya soka ya mwaka 2018 ni jambo jingine. Kwesi Nyantakyi, rais wa chama cha soka cha Ghana, alionekana akipokea dola 65,000 kutoka kwa mfanyabiashara ambaye hakuwepo; alikuwa mwandishi aliyevaa suti. Anayelalamikia mtego ana hoja nzito zaidi hapa kuliko kwa majaji, ingawa FIFA ilimfungia maisha na baadaye mahakama ya michezo ikapunguza adhabu hadi miaka 15. Ninyi mmezitia kazi hizi mbili katika chungu kimoja, mkamtupia humohumo Aden Marwa, mwamuzi msaidizi wa Kenya aliyepokea dola 600 akakosa Kombe la Dunia la Urusi, kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Mkaandika pia kuwa Machi 2023 jaji wa Accra aliitupa kesi ya Anas ya kudai amekashifiwa na mbunge Kennedy Agyapong na kuifananisha kazi yake na ugaidi. Ni kweli. Mbona hamkuandika kuwa Machi 2025 jopo la raia (jury) katika mahakama ya New Jersey, Marekani, liliona kuwa mbunge huyohuyo alimkashifu?

Kamera ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna nyaraka: risiti, barua, namba ya kesi, na angalau watu wawili wasiojuana wanaosema jambo lilelile. Safari ya kwanza mwandishi haendi na pesa. Anakwenda kama mteja wa kawaida, anaomba huduma, anasikiliza kama mwenye ofisi atadai mwenyewe. Akidai, hapo ndipo mhariri anaruhusu kamera, kwa maandishi.

Na kamera yenyewe ina maudhi yake. Lenzi inakaa nyuma ya kifungo, waya unashuka ndani ya shati hadi kwenye kinasa kiunoni. Ukisimama, picha ni nzuri; ukikaa, shati linajikunja na saa nzima unarekodi ukingo wa meza. Dawa yake ni kushona kitambaa kigumu nyuma ya kifungo na kufanya jaribio ukiwa umekaa, si umesimama mbele ya kioo. Betri nyingi ndogo hazitegemeki kupita saa moja, na kinasa kinapata moto hadi mtu anaanza kujikunakuna. Kipaza sauti kikigusana na nguo unapata mkwaruzo tupu, na feni ya dari inameza maneno, kwa hiyo kinasa sauti cha pili kiwe mfuko mwingine. Saa ya kamera isahihishwe kila betri inapotolewa. Vifaa vingi vya bei nafuu vinarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na wakili yeyote akiona video ya jana ina tarehe ya miaka kumi nyuma ameshapata pa kuanzia. Kadi ikitoka haifunguliwi kwenye kompyuta ya kila mtu: inanakiliwa mara tatu, ya asili inafungiwa kwenye bahasha yenye saini ya aliyeirekodi na aliyeipokea, na uhariri unafanyika kwenye nakala. Halafu mtuhumiwa anaandikiwa maswali, moja moja, na kupewa siku za kujibu. Simu ya saa nne usiku kabla ya kurusha kipindi haihesabiki kuwa haki ya kujibu.

Haya yote hayamo katika ripoti yenu, na ningeyasamehe. Ila nayahusisha na jambo linaloniudhi kwenye runinga zetu pia, maana ni ugonjwa uleule. Nimeona ripoti moja ya kituo nisichokitaja, mama mmoja anaeleza alivyoombwa rushwa ya ngono ili apewe kazi. Uso wamemwekea ukungu, sauti wameishusha ikawa nzito kama ya dume. Lakini kanga aliyojifunga maandishi yake yanasomeka herufi kwa herufi, na katikati ya mahojiano mtoto anasikika akiita, "Mama Zuhura, mgeni!" Asubuhi mtaa mzima ulikuwa unamjua. Sauti iliyoshushwa tu hurudishwa na mtu yeyote mwenye programu ya bure ya kuhariri sauti. Salama ni maneno yake yasomwe na mtu mwingine. Ukungu nao humkimbia mtu akigeuza kichwa ghafla, uso ukaonekana kwa picha moja au mbili, na siku hizi kila mtazamaji anaweza kusimamisha video kwenye simu. Mpige mtu picha akiwa ameipa kamera mgongo, mbele ya ukuta mtupu, umvue pete, umvalishe kanga isiyo yake.

Sasa picha yenu. Ahmed Hussein-Suale alikuwa mmoja wa watu wa Anas katika ile kazi ya soka. Mwaka 2018 picha zake, uso wazi, zilioneshwa kwenye runinga ya Agyapong, na mbunge mwenyewe akawahimiza watu wampige akionekana, akaahidi kulipa. Tarehe 16 Januari 2019, kitongoji cha Madina, Accra, watu waliokuwa kwenye pikipiki walimpiga Ahmed risasi akiwa ndani ya gari lake, akafa. Alikuwa na miaka 31. Mbunge alikana kuhusika na mauaji, na mimi simhukumu. Ninachosema ni kwamba kwa mtu wa kazi ile, uso ndio ukuta wa nyumba yake, na ukuta ule ulibomolewa miezi kadhaa kabla ya risasi. Ninyi mmelieleza hilo kwa sentensi moja, na sentimita tano chini yake mmeweka picha ya kijana wa hapa nyumbani akiwa kwenye mafunzo, kamera ya kifungo ikionekana kifuani, jina lake kamili, na mkoa anaofanyia kazi! Mmeandika "mmoja wa waandishi wetu chipukizi wa uchunguzi wa siri." Siri gani iliyobaki? Nani alimwuliza? Nani kati yenu aliisoma sentensi ya Ahmed kisha akatazama picha ile na kuiona inafaa?

Hamkuhitaji hata kwenda Ghana kujua hatari hii. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC hapa Tanzania alijifanya mteja kwa waganga waliokuwa wakiuza viungo vya watu wenye ualbino, na vitisho vikamlazimu kujificha. Anas mwenyewe alikuja baadaye kufuatilia biashara ileile. Jina la Vicky halimo katika kurasa zenu mbili.

Naomba mfanye hivi. Picha iondolewe leo kwenye tovuti na kwenye kurasa zenu zote za mitandao, pamoja na faili lake lenyewe, maana kufuta ukurasa peke yake huacha picha ikifunguka kwa anwani yake. Ombeni pia Google waitoe kwenye matokeo yao. Kisha mpigieni kijana simu, si ujumbe, mmwambie ni nakala ngapi za gazeti zilikwenda katika mkoa anaofanyia kazi, ili ajue mwenyewe kama anaweza kurudi huko.

Mhariri wa video mstaafu,
Tanga