Matongotongo si tiketi ya antibiotiki

Ndugu Mhariri,

Macho mekundu yakizuka hapa Moshi, watu hukimbilia duka la dawa muhimu. Muuzaji akiona matongotongo anasema bakteria wameingia, anatoa kloramfenikoli, antibiotiki ya kuua bakteria. Mteja akirudi analalamika muwasho, anapewa matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Bakteria hawahitaji kuingia. Wapo siku zote. Juu ya jicho lenye afya huishi wachache, hasa stafilokokasi na korinebakteria, wale wale wa ngozi ya kope. Pamba ikipitishwa kwenye jicho lisilo na ugonjwa, maabara huweza kuotesha kitu. Kwa hiyo jicho lenye adenovirusi, kirusi kinachosababisha macho mekundu, likiotesha stafilokokasi, jibu hilo peke yake halithibitishi kwamba ndiye mkosaji. Hata kope kugandana asubuhi si ushahidi: ute wa kirusi nao hukauka usiku.

Kirusi huleta machozi mepesi, huanzia jicho moja na kuhamia la pili baada ya siku chache, mara nyingi pamoja na mafua au kitezi kinachouma mbele ya sikio. Usaha mzito unaorudi punde baada ya kufutwa huelekeza kwa bakteria. Ukifurika na kope zikavimba sana, huenda ni kisonono, ambacho kinaweza kutoboa kioo cha jicho (konea, sehemu angavu ya mbele) haraka. Hospitali siku hiyo hiyo. (Wanaoshauri kunawa kwa mkojo wajue kisonono hupita humo.)

Deksamethasoni hufifisha wekundu, lakini kirusi hukaa jichoni muda mrefu zaidi, na kama ni kirusi cha hepesi, kidonda cha kioo hupanuka.

Adenovirusi huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 2 au 3. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, kisha itupe. Nawa kwa sabuni na maji tiririka, kwani vitakasa mikono vya spiriti havikiui vizuri kirusi hiki. Vitasa na meza: dawa ya klorini ya kusafishia ya 3.5% sehemu 1, maji sehemu 6, iache dakika 10 ndipo upanguse. Chupa moja ya matone isizunguke nyumba nzima. Ncha ikigusa kope imeshabeba ugonjwa.

Maumivu makali, kuogopa mwanga, kuona ukungu, au kichanga chini ya siku 28 mwenye usaha: msipitie dukani, nendeni hospitali ya Mawenzi au ya KCMC.

Wahudumu wa afya ya macho,
Moshi